Nusu Mbili za Namba ya Siri

Nilidhani mke wangu alichagua mwaka wangu wa kuzaliwa. Upumbavu wenyewe ndio huo, nauweka hapa juu nisije nikapata njia ya kuukwepa.

Akiba yetu iko kwenye simu ndogo ya vibonye, laini ya jina lake, na namba ya siri tumeigawana: mimi najua tarakimu mbili za mwanzo, yeye mbili za mwisho. Kila Jumamosi jioni tunaketi kitandani kuhamisha kilichopatikana wiki ile. Mimi nabonyeza zangu yeye akitazama ukuta, kisha zamu yangu ya ukuta. Hapa Kibarani watu wakisikia hucheka mpaka wakakaa chini. Lakini kwa ukuta huo tulikuwa tumeifikia bei ya mabati ya chumba cha watoto, maana makuti yake yameoza na masika yalikuwa mlangoni. Jumamosi tungetoa pesa, Jumatatu fundi aanze.

Simu yenyewe hushinda nyumbani, ndani ya kopo tupu la maziwa, kwa kuwa stendi mke wangu anakouza viazi karai kuna wezi. Mlinzi ni mimi. Nashona nguo barazani, na nje ya uzio sitoki ila kukiwa na msiba.

Jumatano asubuhi bando la simu yangu mimi likaisha katikati ya mieleka, mbabe wangu yuko chini anahesabiwa. Nilitaka shilingi mia tu ya akiba. Ningerudisha. Nikaitoa simu koponi, nikaweka zangu mbili, nikaongeza mbili za mwisho za mwaka wangu wa kuzaliwa. Ikakataa. Mwaka wa harusi. Ikakataa. Mwaka wa kifungua mimba wetu. Hapo akiba ikajifunga kabisa, nami nikairudisha simu koponi polepole, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku.

Jumamosi tukabonyeza. Mke wangu akasoma kwamba imefungwa, akashika kichwa.

"Nimeikosea mimi hii. Wiki hii nilikuwa nachezea vibonye, sijui nilifanya nini. Nisamehe, baba."

"Usijali," nikasema. "Hutokea."

Nililisema hilo kwa kinywa hiki hiki ninacholia wali.

Jumatatu akaacha biashara, akampigia fundi asije, akaenda mjini na kitambulisho chake kupanga foleni kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Alirudi mchana, akavua viatu, akaketi jamvini.

"Wamenifungulia. Dada wa kaunta anasema nilikosea mara tatu, Jumatano saa nne asubuhi."

Saa nne asubuhi yeye huwa na mwiko mkononi na wateja wamemzunguka.

"Saa nne?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Saa nne. Labda ni uzee." Akanitazama kidogo, kisha akavuta beseni akaanza kumenya viazi.

Nikashukuru Mungu kwamba ameamini kosa ni lake. Fundi naye alikuwa keshashika kazi ya mtu mwingine, na Alhamisi mvua ikaanguka. Watoto wakahamia kitandani kwetu, magodoro yao yamelowa, nikalala na kisigino cha mtu mbavuni. Tangu hapo alfajiri namchemshia mke wangu chai ya tangawizi, namchotea maji, karai lake nalisugua mpaka najiona ndani. Yeye husema "asante" tu, na ile asante huniuma kuliko tusi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Jirani yetu, mama anayeshona makuti ya kuuza upande wa pili wa uzio, alinikuta nasugua karai, akauliza nimerogwa na nani. Nikamwaga yote, mieleka na yai na kuku, kisha nikamwomba shauri: nimwambie mke wangu, au niache lipoe lenyewe?

Hakuinua hata uso kwenye makuti yake.

"Mkeo alijua tangu kaunta, kaniambia mwenyewe. Anakungoja useme, na wewe kazi yako kumpa chai."