Siku Kitabu cha Vitunguu Kilipomtaja Mzee Tluway

Jamani, hii nawaambia mwenyewe kwa sababu Safari ameshaanza kuisimulia kijiweni, na akisimulia yeye anaongeza chumvi, halafu hasemi kwamba ile meseji iliyoniua aliiandika yeye. Kwa hiyo bora nijiaibishe kwa mdomo wangu.

Dada Zuhura ndiye bibi shamba wetu kule Masieda, ametokea Tanga, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tunagombana hapo hapo, maana mama yangu alipolazwa ni yeye aliyelala naye wodini kama mwanaye. Sasa alikuwa anatafuta shamba darasa la kufundishia kilimo cha vitunguu, na shamba lenye maji karibu ni la Mzee Tluway, na mzee anazungusha, leo ndiyo, kesho ngoja kwanza. Dada akamwonyesha kitabu alichonunua kwenye simu. Mzee akaisukuma ile simu. "Simu inadanganya kila siku, mwanangu. Niletee karatasi nisome mwenyewe. Nikiiona kwenye karatasi, shamba chukua."

Tatizo kitabu kina kufuli. Kinafunguka kwa akaunti ya dada tu, kukichapa hakikubali, ukipiga picha ya skrini inatoka nyeusi tii. Yeye akasema basi, atanakili yale ya muhimu kwa mkono. Mimi (hasira zangu mnazijua) nikawaka: "Kitabu ununue wewe, halafu wakupangie namna ya kukisoma? Nipe hiyo akaunti!"

"Dani, mdogo wangu, usiniingize kwenye matatizo."

"Matatizo gani, dada? Hii kwangu mchezo."

Nina kompyuta pale ninapotengeneza simu Mbulu mjini, nimejifunza mwenyewe, chuo sijakanyaga. Nikaweka emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijione simu, nikafungua kitabu humo ndani, halafu picha nikazipiga kwa nje, upande wa kompyuta, kitabu chenyewe hata hakijui kama kinapigwa picha. Nikaweka na kaprogramu kengine kanafunua ukurasa kanapiga, kanafunua kanapiga, nikajiona injinia kabisa. Kosa lilikuwa dogo tu: kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, nikaona kwa nini WhatsApp yangu nisiiweke humo humo kwenye emuleta. Nikamwandikia Safari, rafiki yangu wa bodaboda, nikamlalamikia huyu mzee anayemsumbua dada yangu, nikatupia na maneno ya kumkejeli, halafu nikaiacha mashine ijiendeshe, nikaenda kula makande.

Nimerudi, kurasa zimekamilika. Nikachapa, nikabana, nikakagua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, safi. Ya katikati nani ana muda?

Kikao kilikuwa kwenye ghala la kikundi cha wakulima. Mzee Tluway akavaa miwani, akakataa kusomewa, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma somo la Jumapili, haruki hata namba ya ukurasa. Akifika pazuri anatikisa kichwa: "Hii kweli." Dada Zuhura ananitazama anatabasamu, mimi kifua mbele. Mzee akafunua.

"Safari Bodaboda," akasoma. "Ha. Ha. Ha. Eti Mzee Tluway kichwa jiwe la kusagia, umwagie maji mwaka mzima hayaingii. Umeua."

"Ameuawa nani?" akauliza Mama Paskalina kule nyuma.

(Meseji ikiingia si inashuka juu ya ukurasa? Basi Safari alinijibu wakati mimi nipo kwenye makande, na ile mashine ikaipiga picha na yenyewe.)

Mzee akaurudia mstari kwa macho. Akavua miwani. "Bibi shamba, ulisema kitabu hiki kimeandikwa mbali. Mbona kinanijua?"

Ghala lote likapasuka kwa kicheko, isipokuwa watu watatu. Dada Zuhura akachungulia ile karatasi, akanitazama, na uso wake sikuweza kuuangalia. Nikaruka juu: "Mzee, maneno ni yangu! Dada hajui chochote! Asiguswe!"

"Kijana," akasema kwa upole, "umesimama kuniomba msamaha au kunipiga?"

Nikakaa. Yeye akainuka, akamwekea dada karatasi mapajani, akaenda zake.

Nilishamfuata kwake kuomba msamaha, akanipa chai, akasema yameisha. Ila shamba hakutoa. Shamba darasa sasa lipo kule mgongoni mwa kilima kwenye mawe, maji wanapandisha kwa ndoo, na dada anabeba yake kama wengine. Hakunigombeza hata kidogo, bora angenigombeza. Alisema tu, "Ningenakili kwa mkono, Dani. Mzee alikuwa ananisubiri."

Kwa hiyo kufuli la kitabu cha mtu siligusi tena, hata aje analia, na mzee simsemi hata kwa Safari, hata moyoni. Nikimwona barabarani nashuka kwenye pikipiki kabisa, navua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," anasema, anapita zake. "Jiwe limeitikia."