Nadhiri ya Sarafu ya Mama wa Nyoka

Waliokuwapo makaburini Tongoni mchana ule ni hawa: shangazi yangu, dada yake baba, aliyebeba chetezo cha ubani; mdogo wangu wa kike, aliyeshika chupa ya marashi; kitindamimba wetu, aliyekuwa mgongoni kwangu na homa kali; mkata mkonge mmoja wa kutoka bara, Mkatoliki, rafiki wa marehemu baba; na Mgiriki niliyekuwa nikimfanyia kazi za nyumbani, ambaye alifika mwisho kwa gari lake. Mimi ni wa sita. Nawataja kwa sababu pale niliweka nadhiri kwa sauti, na wote waliisikia isipokuwa Mgiriki, ambaye alifika nimeshaitamka. Yeye ndiye iliyemhusu kuliko wote.

Mama alifariki kitindamimba akiwa bado ananyonya, na baba hakukawia kumfuata. Ndugu za baba walikaa wakatugawa: huyu aende Pangani, yule Mwera, mimi nibaki na shangazi. Nikakataa. Nikawaambia nitaacha shule, nitafute kazi, na wadogo zangu watakaa nami. Walicheka, lakini waliniachia. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu moja tu, niliyoamka nayo na kulala nayo: mmoja wao asije akafia mikononi mwangu.

Mgiriki alikaa peke yake katika nyumba ya bati pembeni mwa shamba la mkonge. Nilifua, nilifagia, nilimpikia kahawa yake nzito. Hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na bati la biskuti, na ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, sarafu za Warumi wa kale. Meli ya barua ikifika alikwenda posta mjini, akarudi na kibahasha kidogo, na hakugusa chakula mpaka amekifungua. Jumapili alizipanga zote mezani, akazitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia.

Sisi fedha tuliyoijua ilikuwa na kichwa cha mfalme, au tundu katikati. Hizi zilikuwa na viumbe. Palikuwa na mtu mwenye nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Palikuwa na mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili wa binadamu. Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani zinataka kusafishwa, nikamwuliza kama nilete ndimu na majivu, kama tunavyosugua sinia za shaba kwetu. Alipiga kelele kama aliyeumwa na nge.

"Ndimu hapana! Majivu hapana! Weusi huu umri yake!"

Basi nikawa nazitazama kwa mbali, mikono nyuma.

Jumapili moja shangazi alikuwa na shughuli ya arusi, nikaenda kazini na kitindamimba. Nilimkalisha sakafuni jikoni, lakini hakukaa. Niliposikia sauti yake kule sebuleni nilikimbia, nikamkuta amesimama kando ya kiti cha Mgiriki, kidevu chake juu ya meza.

"Kaka, njoo uone! Buraki!"

Kweli, juu ya sarafu moja ndogo ya fedha palikuwa na farasi mwenye mabawa na mtu mgongoni. Chuoni kwao, walikosoma Kurani, kulikuwa na picha ya Buraki, mnyama aliyepandwa na Mtume, ukutani, naye aliipenda kuliko masomo yote. Mgiriki alifurahi kupata mtu wa kumwonyesha. Akaigeuza sarafu ile upande wa pili.

"Na hii mama, yake nywele nyoka. Tazama. Zamani mtu angalia yeye, mtu geuka jiwe."

Ulikuwa uso wa mwanamke, mviringo, macho wazi, na nyoka wamejifunga chini ya kidevu. Mdogo wangu aliutazama bila kupepesa. Nilimshika bega nikamvuta, na bado shingo yake ilibaki imegeukia mezani. Njiani kurudi nyumbani nilisoma kila sura ya Kurani niliyoikumbuka.

Kesho yake alikuwa na joto. Kesho kutwa, asubuhi, nilipokuwa nikimnywesha uji, macho yalimgeuka juu, taya likakaza, mikono ikakakamaa. Nilimwita hakuitika. Alikuwa mgumu mikononi mwangu kama gogo, na neno lililonijia halikuwa degedege, ingawa nilikwisha kuliona kwa watoto wengine. Lilikuwa jiwe.

Degedege lilipomwachia alilegea, akalala. Nilimsimulia shangazi habari ya sarafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga kiunoni.

"Mmemwonyesha mtoto asiyejua kujikinga. Mbebe. Twende kwa wazee."

Wazee wetu wale walikuwa makaburi ya kale, yenye nguzo za mawe ya pwani na mashimo palipowahi kupachikwa sahani za Kichina. Watu hupeleka ubani pale, huomba, huweka nadhiri. Nimekua nikicheza karibu nayo. Siku ile niliyaogopa. Nguzo zile zilisimama kimya, nyingine zimeinama, na mimi nilijiuliza kama ziliwahi kuwa watu, na nani aliwahi kuzitazama.

Mkata mkonge alitukuta shangazi anafukiza. Asubuhi alipita nyumbani akamwona mtoto, na sasa alikuwa ametoka kumweleza Mgiriki kwa nini sikuonekana kazini. Alivua kofia, akangoja kwa adabu.

Hapo ndipo nilipotamka. Shangazi alinitaka niahidi mbuzi. Mbuzi nisingempata, lakini si kwa sababu hiyo nilisema nilivyosema. Nilitaka kitu kile kitoke duniani.

"Akipona ndugu yangu," nikasema, "nitaileta ile sarafu ya mama wa nyoka niizike hapa, asiitazame mtu tena."

"Amina," akasema shangazi. Mdogo wangu wa kike akaitikia. Mkata mkonge akafanya ishara ya msalaba. Na pale pale, mgongoni kwangu, mtoto akakakamaa tena.

"Bwana wako anakuja na gari," mkata mkonge akaniambia. "Jiandae."

Shangazi aligeuka. "Gari la kwenda wapi?"

"Hospitali, dada. Tanga."

"Hospitali! Mtoto wa degedege apigwe sindano? Mniletee maiti kwenye mkeka?"

Kwetu hilo halikuwa na ubishi: sindano na degedege havikai pamoja. Sasa najua kwamba wengi waliofia hospitali walifikishwa wamekwisha. Wakati ule nilijua tu kwamba walikwenda na hawakurudi.

"Wangu watatu wote wamechomwa," mkata mkonge akasema, "na wote wananiibia sukari mpaka leo."

"Wako wana damu ya bara."

"Damu ni nyekundu tu, dada."

Gari likasimama barabarani. Mgiriki alikuja mbio kati ya makaburi, kofia mkononi, akamtazama mtoto, uso wake ukabadilika rangi. "Ingia," akasema.

Shangazi alinishika shati. "Ukipanda na huyu na masanamu yake, mtoto akifa, ni wewe."

"Akifia hapa pia ni mimi, shangazi."

Nilipanda. Mdogo wangu wa kike alirukia ndani bila kuulizwa, akashika miguu ya ndugu yake. Barabara ilikuwa ya mashimo, Mgiriki akiongea peke yake kwa lugha yao. Sikuthubutu kumtazama mtoto usoni. Niliweka kiganja kwenye paji lake, nikatazama mkonge unaopita.

"Kaka, bado ana joto?"

"Bado."

"Basi si jiwe," akasema. "Jiwe ni baridi."

Alikuwa na miaka kama kumi. Maneno hayo yalinifikisha mjini.

Walipomchoma sindano niligeukia ukuta, nikangoja wanigeuze wanipe habari. Hakuna aliyenigusa. Walisema ni malaria. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake, mkono wangu juu ya kifua chake, nikihesabu pumzi mpaka hesabu ikanipotea. Kulipokucha alifumbua macho.

"Kaka, yule Buraki alikuwa na mkia?"

Nikamwambia anao, ingawa sikukumbuka kuuona.

Wiki ile ile nilimwendea Mgiriki, nikamweleza nadhiri yangu, nikamwomba. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Alifungua bati.

"Hii hapana, kijana. Hii mama yangu nipa, siku mimi panda meli. Mama kufa, mimi huku." Akatafuta kwa kidole, akaniwekea nyingine kiganjani, ile ya mbwa mwitu. "Chukua. Watoto hii baba hapana, mama hapana. Kama nyinyi."

Nilimwonyesha shangazi. Aliitazama kwa jicho moja. "Hukuahidi mbwa," akasema.

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo. "Nadhiri ya mali ya mtu mwingine haikufungi, mwanangu," akanieleza kwa upole. Nilirudi mwepesi. Magharibi ya siku hiyo kitindamimba akashikwa na homa, wepesi wote ukaniisha. Ilikuwa homa ya kawaida, ikapoa. Lakini mimi sikurudi kuwa mwepesi.

Baada ya miaka michache, Mgiriki aliuza vyombo vyake akarudi kwao. Nilimbebea bati mpaka garini. Sarafu zilikuwa zikisogea ndani, nikazisikia, nami nilijua mojawapo ni ipi. Alinishika mkono, akashukuru. Nami nilimshukuru, kwa gari, kwa siku ile. Nikampa bati lake.

Kitindamimba amekuwa mtu mzima, ana wanawe. Akiugua, hata mafua, naletewa habari, nami naenda kumgusa paji. Shangazi na mkata mkonge wamekwisha kutangulia. Sarafu ile ya mbwa mwitu ninayo, nimeifunga katika kitambaa. Mdogo wangu wa kike, tunapopita njia ya Tongoni, hutazama upande wa makaburi, pale nilipoweka nadhiri.

"Kaka, bado?"

"Bado."