Mkono wa Gia Uliopinda

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja Oman kutoka Unguja akiwa bado mwanamwali. Alisomea ukunga, akapangiwa kazi Ibra, na hakuondoka tena. Mimi tangu kupata akili yangu nimemjua pamoja na gari lake dogo la Kiingereza, la rangi ya maziwa, usukani kushoto, lenye viti vya ngozi vilivyochanika kwenye mishono. Kwa gari hilo aliwafuata wajawazito vijijini wakati barabara nyingi za huku zilikuwa kokoto tupu. Kuna watu wazima Ibra, na wengine mpaka Sur, ambao mtu wa kwanza kuwashika duniani ni yeye.

Alipostaafu aliendelea kuliendesha kwa safari za karibu. Mumewe alipofariki akalifunika turubai, akaliacha chini ya banda la makuti ya mtende nyuma ya nyumba. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza. Lakini kila nikienda kumwamkia, hakukosa kutaja safari ya Sur, namna barabara inavyoteremka milimani mpaka ukaanza kunusa bahari, na kwamba inshallah iko siku ataiendea tena mwenyewe.

Mimi nafundisha hesabu katika skuli ya wasichana Nizwa, na kinachonipumzisha ni kufungua mashine. Nilianza na cherehani ya mama, nikaendelea. Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani, mama mkubwa alikwenda kukaa kwa binti yake Maskati mwezi mzima wa mfungo. Mwanawe wa kiume, ambaye kwangu ni kaka, anakaa Samail. Alinipigia simu akasema huu ndio wakati. Tulitengeneze gari, bi mkubwa akirudi sikukuu alikute linanguruma. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kila Ijumaa na Jumamosi tukakutana Ibra. Injini haikutusumbua kama tulivyohofia. Breki zilitutoa jasho. Mwisho ukabaki mkono wa gia. Ulikuwa umelegea, ukitikisika hata gari likiwa limesimama, na zaidi ya hayo ulikuwa umepinda. Ulitoka kwenye sakafu ukiwa wima, halafu katikati ukainama upande wa dereva na kurudi nyuma, kirungu chake cha kushikia kikawa karibu kugusa kiti. Kaka alisema bila shaka gari liligongwa zamani, au mtu mzito aliuangukia. Nikaona ni kweli. Nikatafuta mtandaoni, nikampata muuzaji wa vipuri vya magari ya kale, akaniletea mwingine mpya, umenyooka kama rula, unang'aa.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu, sitasema uongo. Nilifungua kirungu, nikabandua zulia, nikatoa skrubu za bamba linaloshikilia mpira wa kuzuia vumbi. Chini yake kuna kikombe cha chuma kinachobana springi. Unakibonyeza kwa nguvu zako zote, unakizungusha kidogo, nacho kinaachia. Nikauvuta mkono wa gia, ukatoka pamoja na grisi nyeusi ya miaka, na mwisho wake kichwa cha mviringo kilicholika upande mmoja. Nikaziba tundu kwa kitambaa kisije kikadondokea kitu ndani ya giaboksi. Kisha nikatia bushi mpya, pete inayozuia mkono usicheze, nikapaka grisi mpya, nikauteremsha ule mpya mpaka nikahisi umekaa. Nikabonyeza, nikazungusha, nikajaribu gia zote. Ziliingia laini kabisa. Kaka aliniambia niache ualimu, nifungue gereji.

Vyuma vyote vya zamani tulivirundika kwenye karai. Asubuhi iliyofuata alipita mtu na pikapu anayekusanya vyuma chakavu, anatoka upande wa Sinaw, kaka akampa karai lote.

Mama mkubwa alirudi kwa sikukuu. Baada ya chakula cha mchana tulimpeleka nyuma ya nyumba, tukavuta turubai. Akalizunguka gari, akipitisha vidole kwenye bodi. Macho yakamjaa maji. Kaka akamfungulia mlango, akampa ufunguo, mimi nikakaa pembeni yake.

Injini iliwaka mara moja. Akasogeza kiti mbele, akakanyaga klachi, akapeleka mkono kwenye gia bila kutazama, kama mtu anayezima taa chumbani kwake. Mkono ukashika hewa.

Hapo inanipasa kueleza jambo ambalo sote tulilijua. Kiwiko cha kulia cha mama mkubwa hakinyooki. Alipokuwa mtoto Unguja alianguka ngazi za nyumbani, zile ngazi za mbao zilizosimama wima, akavunjika, na mfupa ukaungwa vibaya. Mkono wake umebaki hivyo, nusu umekunjwa. Kwa mkono huo ametusalimia, ametulisha, ametupiga makofi ya mgongo tukipaliwa. Tulikuwa tumeuona maisha yetu yote hata tukawa hatuuoni tena.

Alitazama chini, akauona ule mpya, ukiwa mbali upande wangu. Aliinama mbele kwa mwili mzima, akatia gia ya kwanza, gari likaondoka. Ya pili aliipata. Kuifikia ya tatu ilimbidi aegemee usukani, kifua kikabonyeza honi, ikalia uchochoroni, watoto waliovaa nguo za sikukuu wakageuka kututazama. Mwisho wa uchochoro, pale falaji, mfereji wa kale wa maji, inapoingia kwenye mitende, akasimamisha gari na kuzima.

Kaka alikuja akikimbia, amefurahi, anauliza limekwendaje.

Mama mkubwa akamuuliza, "Ule mkono wa gia wa zamani mmeuweka wapi?"

Kaka akajibu kwamba tumeutupa, ulikuwa umeharibika, umepinda.

Akasema, "Haukuharibika. Baba yako ndo alouinamisha."

Alitueleza baadaye, kwenye kahawa, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alipolinunua gari hakuweza kuliendesha. Alifaulu mtihani wa udereva kwa taabu, kwa kuinama, na katika njia za kokoto kuinama kulimtoa macho barabarani. Mara mbili alitumbukia mtaroni. Alitaka kuliuza. Mumewe alikuwa mtu wa Birkat al Mauz, kwao ni migomba na mitende, kuhusu magari hakujua lolote. Jioni moja alimkalisha kwenye kiti cha dereva, akamwambia aweke mkono pale unapopumzika wenyewe, asijilazimishe. Akapima kwa uzi wa kushonea kutoka kiganjani mpaka sakafuni. Kesho yake akaung'oa ule mkono wa gia, mwenyewe, kwa spana ya kuazima, akaupeleka kwa wahunzi wa Nizwa. Mhunzi aliupasha moto na kuupinda, yeye akaurudisha Ibra kuujaribu, haukufaa, akaenda tena. Kwa gari la watu, maana la kwao lilikuwa halina gia. Mpaka kirungu kikaja kukaa mkononi mwa mkewe bila yeye kukitafuta.

"Hakunambia neno la mapenzi hata siku moja," alisema mama mkubwa. "Hakuwa mtu wa maneno. Alinifanyia lile."

Kisha akatushukuru kwa gari, akatusifu kwa breki, akatumiminia kahawa tena. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anasikia habari hii ya baba yake kwa mara ya kwanza, akiwa na mvi.

Sikukuu ilipokwisha nilikwenda Sinaw. Nilimpata yule mtu wa pikapu nyuma ya soko la mifugo, kwenye kiwanja kilichojaa milango ya magari na mabomba. Alikuwa mwungwana. Alinisikiliza, akanipeleka kwenye lundo moja baada ya jingine, tukageuza vyuma pamoja mpaka kanzu yake na abaya yangu zikawa rangi moja. Akaniambia mzigo wa mwezi ule alikwisha kuupakia kwenye lori, na kinachopanda lori hakirudi. Niligeuza lundo jingine, basi tu, kwa sababu sikutaka kuingia garini na kurudi mikono mitupu.

Kaka akasema tuupinde ule mpya. Nilirudi Ibra na uzi wangu. Mama mkubwa alikubali kupimwa, lakini mkono wake wa sasa umekunjana zaidi kuliko ule wa ujana, na kila nikipima napata jibu jingine. Nikautoa tena ule mkono wa gia, kikombe na springi na vyote, nikaupeleka kwa mhunzi Nizwa, kijana, akaupinda kwa mashine katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Niliurudisha, nikaufunga. Mama mkubwa akajaribu uchochoroni.

"Umekaa vizuri, mwanangu," aliniambia. "Ahsante."

Aliendesha mara chache, kwenda dukani, kwenda kwa jirani aliyekuwa mgonjwa. Halafu akasema macho yake si ya kuaminika tena, akampa kaka ufunguo ili gari lisife kwa kukaa. Inawezekana kweli ni macho. Ana umri wake, na daktari alikwisha kumwambia habari za mtoto wa jicho. Ila nilikuwa nimekaa pembeni yake siku ile alipojaribu, na niliona vidole vyake vikitafuta, inchi moja huku, inchi moja kule, kabla ya kushika.

Sur tulimpeleka sisi, kwa gari kubwa la kaka, yeye amekaa mbele kama mgeni. Alifurahi. Alinusa bahari kabla yetu. Njia nzima hakuzungumzia gari lake.

Siku hizi nikienda kwake nauliza. Hiki kigoda kirefu cha jikoni, kamba hii iliyofungwa kwenye kitasa cha dirisha, ngazi hii ya nyuma iliyopunguzwa kimo. Mengine anajua nani aliyafanya na kwa nini, anacheka, ananihadithia. Mengine anayatazama kwa muda mrefu.

"Hilo, mwanangu, angelijua marehemu mwenyewe," huniambia, na tunaendelea kuchambua mchele.