Mjapani wa Newala

Anselmo tulimwita Mjapani, ingawa alizaliwa Mkunya na mbali alikowahi kufika ni Masasi. Kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Biashara ilipoachiwa huria, Awadhi akafungua banda la video, na kati ya mikanda yake ukaja mmoja wa Kijapani. Awadhi alisema aliyeiongoza filamu ile ndiye aliyechora na picha ya kasha. Anselmo akapagawa. Kumbe mchoraji naye anaweza kutengeneza filamu! Alilinakili kasha lile mpaka tukamchoka.

Msimu wa korosho akakodi kamera Masasi, akamrekodi mkewe, Theodora, akipepeta mtama na kuimba. "Rudia, Mama Stefano," alimwambia kila mara, na mama wa watu akarudia huku akicheka. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua. Anselmo hakuwa na picha yake nyingine, wala sauti. Akauchorea mkanda ule kasha: Theodora na ungo wake, nyuma yake jua jekundu la Kijapani. Laiti angechora vibovu kama mimi!

Deki ilikuwa kwa Awadhi tu, hivyo mkanda ulikaa huko. Ukungu wa Newala huotesha kuvu kwenye mikanda, kwa hiyo Bimdogo, mke wa Awadhi, huianika asubuhi pembeni ya makopa yake ya muhogo. Na sisi wateja, Kiingereza hatukijui, tunachagua kwa picha. Mnunuzi mmoja wa korosho, mwenye deki kwake Masasi, akapita, akaona kasha linalopita yote kwa uzuri, akauazima mkanda wake. Bimdogo alidhani ni filamu kama nyingine.

Mtu yule aliurudisha baada ya wiki, Anselmo mwenyewe akiwa pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Uzuri wa mkakasi huu, ndani kipande cha mti! Mama anapepeta tu. Nimewarekodia ndondi juu yake."

Bimdogo aliangua kilio. Anselmo aliomba deki iwashwe. Tulimsihi aache, akakataa, akaangalia ngumi zote akitumaini mwishoni kimebaki kipande.

Kilibaki kweli. Ungo uko chini, Theodora ameshaondoka zake, amechoka. Inasikika sauti ya Anselmo tu: "Rudi, Mama Stefano. Rudia tena kidogo."