Dada Tupo na maji yanayodanganya Kyimo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umeilalia Kyimo, na Tupokigwe ameinamia ndoo ya Mzee Enosi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Anatumbukiza kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji. Kinazama kuliko inavyotakiwa.

"Mzee, leo ng'ombe wako amenyeshewa?"

Foleni inacheka. Mzee Enosi anageukia migomba. "Mvua ya huku unaijua, mwanangu. Inaingia popote."

Maziwa yanakataliwa. Mzee haondoki ng'o. Anavuta benchi, maana sinema ya asubuhi haijaanza.

Tupokigwe, 31, hupokea lita kama 240 kila siku, kwa mshahara wa laki moja na nusu kwa mwezi. Watoto wanaoleta maziwa kabla ya shule humwita dada Tupo. Aliwahi kusomea ualimu wa fizikia, akaacha mwaka wa pili baba yake alipopooza.

"Shahada sikupata," anasema. "Sufuria ninayo."

Sufuria yenyewe iko mezani, na ndani yake kuna sarafu ya mia mbili. Watoto sita wanarudi nyuma taratibu mpaka ukingo unaificha.

"Mnaiona?"

"Hatuioni."

"Basi msisogee."

Anamimina maji polepole. Sarafu inapanda. Hakuna aliyeigusa, ila hiyo hapo, inawatazama watoto waliosimama palepale. Hata ndoo zimeacha kugongana.

"Umeivuta na uzi," anasema Doreen, mbishi wa darasa la nne.

"Njoo uutafute."

Doreen anachovya mkono, anapapasa. Uzi hakuna. Sarafu iko chini kabisa, ilipokuwa.

"Mwanga ukitoka majini unapinda," Tupokigwe anaeleza. "Jicho halijui kama umekata kona, linadhani umenyooka tu. Ndiyo maana linaona chini kumepanda."

Mzee Enosi ameshasimama, shingo kaitoa kama kuku. "Mimina tena," anasema.

Lakini huu si mchezo. Tangu mvua za Aprili zilipobeba daraja la magogo, watoto wa ng'ambo, akiwemo Doreen, wanakatiza kwenye kidimbwi cha mto badala ya kuzungukia juu, njia ndefu. Mwezi Mei aliingia Ambwene, mdogo wake Tupokigwe. Wachuma chai walimvuta kwa shati akiwa ameshakunywa maji.

"Aliniambia, dada, niliona mawe, nikajua ni magotini," Tupokigwe anasema.

Sufuria ikishamwagwa, anawashusha watoto mtoni. Maji ni maangavu, kila jiwe linahesabika.

"Doreen, yatakufika wapi?"

Doreen anajigusa kiunoni. Tupokigwe anauzamisha mwanzi hadi chini, anautoa, anausimamisha ubavuni mwa Doreen. Umelowa hadi usawa wa pua.

Doreen anatazama mwanzi, anatazama maji, anaishika pua yake.

"Kwa hiyo tuzungukie juu?"

"Mzungukie juu."

"Nitachelewa."

"Chelewa, mama."

Tupokigwe anataka kuusimika mwanzi huo kidimbwini, ukiwa na alama nyekundu, na kuwakusanya wazazi warudishe daraja kabla ya masika. Mzee Enosi ameahidi miti miwili.

"Na maziwa yasiyonyeshewa," Tupokigwe anamkumbusha.

Kesho yake Doreen amezungukia juu, anafika nusu saa nyuma ya wenzake wa upande wa huku, ndoo mkono mmoja, mkono mwingine kamkamata mdogo wake, Happyness.

"Dada Tupo, naomba sufuria. Huyu alitaka kukatiza."

Anaweka sarafu mwenyewe, anamgeukia mdogo wake.

"Rudi nyuma," anasema. "Tena. Tena kidogo."