Mashine Isiyojua Jembe

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya kituo kimoja cha polisi huku kwetu Tana, nikiripoti simu iliyopotea, alipoletwa mama mkulima wa Kulesa. Alikuwa amemfunga ng'ombe aliyekula mpunga wake, akimngoja mwenyewe aje wazungumze, kama tufanyavyo huku miaka yote. Mwenye ng'ombe akaenda kuripoti wizi.

Afisa akambonyeza vidole kwenye mashine mpya ya alama za vidole. Ikakataa. Akavipangusa kwa kitambaa, akajaribu tena. Ikakataa. Alama zote zilishaliwa na mpini wa jembe.

"Mama, mashine haikutambui. Utakaa ndani mpaka ikutambue."

"Kama hainijui, mimi mwizi mmenijuaje?"

Afisa akaweka kidole gumba chake, kuonyesha kwamba mashine ni nzima. Papo hapo ikaleta jina lake.

Mama akakunja mikono kifuani. "Huyo imemjua. Mfungeni yeye."

Tulicheka sote. Mama hakucheka, na aliingizwa ndani kichwa juu.

Nyinyi mnaotuletea mashine hizi, njooni kwanza Kulesa mlime msimu mmoja. Halafu mtuonyeshe vidole vyenu.