Mwanamke Niliyembuni Kitaji

Harufu ya tapentaini ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Baba alikuwa mchoraji wa mabango pale Kitaji, Musoma, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu, kwa hiyo rangi ya mafuta iliingia katika mito ya kulalia, katika chai, hata katika nywele zangu. Upepo wa ziwa ukivuma uliongeza harufu ya dagaa, na hadi leo siwezi kuzitenganisha harufu hizo mbili. Alichora ng'ombe wa mabucha, viatu, vichwa vilivyonyolewa vizuri, na vyote alivinakili kutoka kwenye kalenda alizozibandika ukutani. Hakuona aibu. Alisema jicho ndilo mwalimu, mkono ni mwanafunzi tu.

Likizo moja nikiwa darasa la tano, Mama Shamsa, jirani yetu aliyekuwa akifungua saluni, alikuja na sharti ambalo baba hakuwahi kulisikia. Alitaka bango lenye uso wa mwanamke asiyejulikana na mtu yeyote. "Ukinichorea wa kwenye kalenda, watu watasema huyu mbona yuko hadi kwa fundi cherehani," alisema. "Nataka wangu peke yangu." Baba alikubali, kisha akashinda mbele ya ubao mweupe. Kila uso aliouanza uligeuka kuwa wa mtu, mara mama, mara muuza vitumbua wa njia panda. Jioni akanipa penseli. "Jaribu wewe. Hujajaza watu wengi kichwani."

Nilichukua jicho la huyu, pua ya yule, midomo ya mwalimu wangu wa hesabu, nikapata kitu kama kapu lililochanganywa vyombo. Baba alikitazama. "Huyu hana habari ya lolote," akasema. "Jiulize kwanza, amesikia nini sasa hivi?" Nikawaza, nikaamua kwamba ameitwa jina lake kutoka nyuma. Nikaanza na shingo inayogeuka, kisha jicho ambalo bado halijampata anayeita, na yaliyobaki yakaja yenyewe kama maji yanayojua njia. Baba alirekebisha hapa na pale, akamhamishia kwenye ubao na kumtia rangi. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nilikuwa nimemuumba mtu.

Bango lilikuwa likikauka barazani bibi, mama yake baba, alipofika kutoka Butiama kutibiwa macho. Aliweka mzigo wake chini, akasimama mbele ya bango hadi mama akatoka kumtazama. "Nyangeta huyu mmemtoa wapi?" akauliza.

Brashi ya baba ilisimama. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba baba alikuwa na dada, Nyangeta, aliyevuka ziwa kwenda kutafuta kazi kabla sijazaliwa na hakusikika tena. Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa halitajwi, na picha yake haikuwahi kuwapo.

"Mama, huyo si Nyangeta," baba alisema. "Ni huyu mtoto kambuni."

"Kambuni vipi? Alikuwaga anageuka hivihivi ukimwita."

Bibi akaninyenyekea kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Mjukuu wangu, umemwona wapi? Niambie tu, sitakugombeza." Nikajibu kwamba sijamwona popote, naye akaubana mkono wangu kama anayembembeleza mtoto mficha siri. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayeambiwa kwamba anajua. Nilianza kujitilia shaka. Huenda nilimwona kweli.

Kesho yake alinipa karatasi. "Mchore alivyo sasa."

"Simjui, bibi."

"Hata mimi simjui. Namtunga kila siku. Chora."

Nikachora, naye akiniongoza. Shusha mashavu. Weka mvi kidogo hapa. "Usimkondeshe," alinikemea. "Anakula huyo." Tulipomaliza, mwanamke wa kwenye karatasi alikuwa ni bibi mwenyewe, nami sikuthubutu kumwambia. Aliikunja karatasi katika pindo la khanga akaondoka nayo Butiama. Mama Shamsa alilichukua bango lake bila kuelezwa chochote, na baba tangu hapo akawa anakwenda mjini kwa njia ya nyuma, isiyopita mbele ya saluni.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba kama si mkono wake ulionyoosha taya la yule mwanamke wa bango na kulifanya lifanane na la dada yake. "Sikumbuki kama niligusa taya," alisema. "Labda shingo." Na macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Alichokiona pale barazani hakuna anayeweza kukiapia.

Sasa naishi Bunda, nachora wahusika wa vitabu vya watoto kwenye kishikwambi. Mhusika akiagizwa asubuhi, mchana yuko tayari, na kosa hufutika kwa kidole bila kuacha doa. Wateja wakiniuliza nimemtoa wapi, nawajibu haraka, kichwani. Siku zile sikuwa na jibu, na sina hakika kama hili ni jibu. Bibi alishazikwa. Shangazi hajarudi, wala habari ya kifo chake haijafika. Kama yu hai, umri wake umeshaupita ule wa bibi siku ile. Anaweza kuwa amesimama kando yangu sokoni, anachagua nyanya, nami niliyeambiwa nilimchora bila kumwona nikampisha apite kama mgeni mwingine yeyote.